Dakika Kumi na Moja

Kazini walimwita Bwana Tahadhari, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa mtu wa kwenda harusini akauliza kwanza mlango wa nyuma uko wapi na mitungi ya gesi imewekwa upande gani. Wanawe walipokuwa wadogo hawakucheza kibemasa mpaka wahutubiwe juu ya hatari ya kujificha ndani ya friji. Wenzake walimcheka, naye alicheka nao, maana utani ule ulikuwa na heshima ndani yake. Alifanya kazi katika kitengo cha maafa cha manispaa kwa miaka thelathini na mmoja. Ishirini na mmoja ya kwanza aliifanya kwa moyo safi, na kama angestaafu hapo, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Kitengo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la manispaa, kati ya chumba cha jenereta na choo cha wageni. Cha kwanza kilikuwa na meza tatu, redio ya mawasiliano na ramani ya mji iliyobandikwa pini za rangi. Cha pili kilikuwa stoo ya mablanketi, mahema, kamba na koleo, vyote vikinuka dawa ya panya. Juu ya mlango mtu wa zamani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mgeni aliisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, kisha akaomba blanketi.

Mkuu wa kitengo, siku Bwana Tahadhari alipoajiriwa, alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa sauti, aliyening'iniza shingoni saa ya kupimia mbio kama mwalimu wa michezo. Mji mzima ulimwita Mama Saa. Hakumpa kijana kiti wala chai. Alimtazama viatu, viatu vya kung'aa vya siku ya kwanza kazini, akamwambia, "Twende."

Walizitembea njia saba za kukimbia mafuriko, moja baada ya nyingine, kuanzia nyumba ya chini kabisa mpaka geti la mahali pa kujihifadhi. Mama Saa alibonyeza saa mwanzo wa njia na akaibonyeza tena mwishoni. Kwenye kila geti aligonga, akataka kuona ni nani anayefungua na kwa ufunguo upi. Muda aliuandika kwenye fomu, akatia saini.

"Kila mwaka kabla ya mvua kubwa," alimwambia, "unazitembea zote. Mpango ambao hujautembea kwa miguu yako ni hadithi, na hadithi haijamwokoa mtu. Siku utakayotia saini njia usiyoikanyaga, bora uibe mablanketi. Mwizi wa mablanketi atawaachia watu baridi tu."

Jioni ile soli ya kiatu cha kulia ilibaki bondeni. Bondeni ndio mtaa wa chini kuliko yote, kando ya mto, na pale karibu na bomba la maji alikaa fundi viatu mmoja, mguu wake mmoja umekauka tangu utotoni, mdomo wake haujakauka hata siku moja. Alikigeuza kiatu, akakichungulia kama daktari.

"Kijana, serikali imekupa kazi au imekupa adhabu?"

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila mwaka Bwana Tahadhari alimaliza njia zake saba, akapeleka viatu kwa fundi, akakaa kwenye benchi lake miguu mitupu, akataniwa mpaka soli ikauke.

Mama Saa alistaafu baada ya miaka kumi na sita, akampokeza ofisi pamoja na ramani na panya. Saa aliondoka nayo, maana alikuwa ameinunua mwenyewe. Akaenda kukaa bondeni, kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Watu walimshangaa. Mtu anayejua mafuriko kuliko wote anakwenda kukaa mtoni? Yeye akasema, "Mimi nitakaa mahali ambapo mpango wangu unafanya kazi." Nakala ya mpango wa bondeni, yenye saini ya mrithi wake, aliitia ndani ya plastiki akaitundika mlangoni.

Miaka mitano ya kwanza ya ukuu wake, Bwana Tahadhari alitembea. Njia ya bondeni ilipita kichochoro cha kinu, kati ya kinu cha kusaga na karakana ya seremala, ikapanda mpaka shule ya juu. Mwaka wa kwanza ilimchukua dakika kumi na mbili. Wa pili, kumi. Wa tatu alikuwa na jipu kisiginoni, ikamchukua kumi na nne. Wa nne kumi na mbili tena, na wa tano kumi na moja. Mguu wa mtu hausemi neno lile lile kila mara, Mama Saa alizoea kusema.

Mwaka wa sita manispaa ilimpa gari. Siku aliyopanga kutembea aliitwa kwenye kikao, kikao kikazaa kikao, na fomu zilitakiwa kabla ya saa kumi. Njia zilikuwa zile zile. Nani angehamisha shule? Akachukua fomu za mwaka uliopita, akanakili. Bondeni: imekaguliwa kwa miguu, ndiyo, njia i wazi, ndiyo, muda, dakika kumi na moja. Mara hii tu, alijiambia, na sijui kama kuna uongo wowote duniani ambao haukuanza na maneno hayo.

Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa pili ulimtoa kikohozi. Wa tatu uliteremka kama chai. Mwaka huo alipita bondeni kwa gari, na fundi viatu akampigia kelele toka kwenye benchi lake: "Bwana Tahadhari! Siku hizi viatu vyako haviliki? Au umejifunza kuruka?" Akacheka, akampungia mkono, akapandisha kioo.

Mwaka wa nne wa kunakili, wiki moja kabla hajatia saini, seremala alijenga ukuta. Alikuwa amechoka kuibiwa mbao. Hakuomba kibali kwa mtu. Aliweka matofali ya saruji kukata kichochoro chote, juu kuliko kimo cha mtu, nyuma ya kona, mahali ambapo mpita njia wa barabarani hapaoni. Kichochoro kile watu walikikwepa kwa uchafu, wakatumia barabara kubwa. Mtu aliyekuwa na wajibu wa kupita pale mwezi ule alikuwa mmoja tu, na alikuwa ofisini akiandika kumi na moja.

Mto ulifurika Jumatano, saa nne asubuhi. King'ora kililia kwa wakati, redio ikasikika vizuri, na kwa nusu saa hivi Bwana Tahadhari alijisikia fahari, Mungu amsamehe. Huko bondeni barabara kubwa ilikuwa imeshazama. Mama Saa, umri wake sabini kasoro, alitoka na saa shingoni, akakusanya watu sitini na kitu, akaagiza fundi viatu apakiwe kwenye toroli, akawatangulia kwenye kichochoro cha kinu. Alikata kona. Akakuta ukuta.

Walio nyuma waliwasukuma walio mbele. Hapakuwa na la kufanya ila kugeuka na kuyarudia maji, ambayo sasa yalifika kifuani. Mkondo wa barabarani ulilipiga toroli ubavuni. Vijana wawili waliolishika waliokolewa kwa kamba kwenye nguzo ya umeme. Fundi viatu alipatikana kesho yake, chini ya daraja.

Kesho hiyo hiyo, alfajiri, Bwana Tahadhari alikwenda kichochoroni peke yake. Maji yalikuwa yameuangusha ukuta, lakini msingi ulionekana wazi, mstari mmoja wa saruji mpya kutoka upande hadi upande. Seremala alikuwepo, anapakia matofali kwenye mkokoteni, anang'oa na msingi. Walitazamana. Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Kila mmoja alikuwa ameshika siri ya mwingine, wakaachana kama watu waliogongana msalani.

Tume iliundwa, ikakaa kwenye ukumbi wa manispaa. Baadhi ya watu walisema ukuta ulikuwa kwenye kichochoro cha kinu. Wengine hawakuwa na hakika, maana hatua arobaini mbele yake kuna kichochoro kingine kinachofanana nacho, nacho mwisho wake ni mgongo wa ghala. Seremala aliapa kwamba hana ukuta. Tume ilikwenda kutazama, ikakuta njia nyeupe. Ndipo ikatolewa fomu: imekaguliwa kwa miguu, njia i wazi, saini, tarehe ya mwezi ule ule.

Wakamwita Mama Saa. Alisimama wima, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Fomu hiyo ina saini ya nani?" aliuliza. Wakamwambia.

"Basi kosa ni langu. Kijana huyo nimemfundisha mwenyewe. Hawezi kutia saini njia asiyoikanyaga. Kama amesema ni wazi, ilikuwa wazi. Mimi nimeingia kichochoro cha ghala. Nadhani ni uzee. Naomba radhi kwa wote, na kwako dada yangu."

Alikuwa anamwambia mjane wa fundi viatu. Mjane alisimama akapiga kelele, "Mama Saa gani wewe? Wewe ni Mama Ukuta! Umempeleka mume wangu ukutani!"

Bwana Tahadhari alikuwa amekaa safu ya pili, faili mapajani. Alitaka kusimama. Magoti yalikuwa mazima, ulimi ulikuwa mzima, na hakusimama. Tume ikafunga kazi kabla ya chakula cha mchana.

Jina la Mama Ukuta lilienea kuliko maji yenyewe. Mama Saa alijitoa kwenye kamati ya mtaa, akaushusha mpango mlangoni, saa akaining'iniza kwenye msumari. Bwana Tahadhari yeye akageuka mtembezi. Njia zote saba, mara mbili kila mwaka, mvua ije isije. Soli zake zililika mpaka watu wakamsifu kwamba maafa yamemkomaza, na manispaa ikampa cheti chenye fremu. Cheti alikigeuza kielekee ukuta, akasema jua linakifubaza. Kwa Mama Saa alituma salamu na sukari kwa dereva. Mwenyewe hakukanyaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile aliivaa miaka sita bila kuivua.

Ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu alipotembelewa na mtoto wa kwanza wa Mama Saa, mwalimu wa mji mwingine, kijana mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hilo ndilo lililonileta. Kesho kutwa Jumamosi naleta gari nimhamishie kwangu, nyumba tuiuze. Hawezi tena kukaa peke yake. Ila anasitasita, na hamsikilizi mtu kama anavyokusikiliza wewe. Naomba umwendee, umwambie tu ukweli kwamba kichwa kimechoka."

"Kimechoka vipi?"

"Mzee, ameandika kwenye karatasi njia ya kwenda dukani. Dukani! Nyumba ya nne kutoka kwake! Nikimwuliza, ananiambia, 'Kama nilipotea njia niliyoitembea nusu ya maisha yangu, nikaua mtu, nitashindwa vipi kupotea popote?'"

Bwana Tahadhari alimwahidi atakwenda. Kijana alimshukuru kwa mikono miwili, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Jioni, mkewe akipanga vyombo, alimweleza yote. Hakupunguza kitu. Mkewe aliweka sahani chini, moja, halafu nyingine.

"Mimi pia nimemwita Mama Ukuta," alisema. "Humu humu jikoni kwangu. Nimecheka. Na wewe umekaa hapo, umenisikia, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Umenifanya nimcheke mama wa watu, baba watoto."

Hakuongea naye tena jioni ile. Asubuhi mkewe alimkuta akifunga kamba za viatu, akamwambia kutoka mlangoni, "Mficha uchi hazai. Nenda. Na usiende na gari."

Alipita kwanza ofisini. Alimwandikia mkurugenzi barua ya kukiri, ya ukurasa mmoja, akaikabidhi kwa karani wa masijala na kusubiri igongwe muhuri, ili asije akapata mwanya wa kugeuza nia. Kisha akatoa kabatini fomu tisa za bondeni, akashuka kwa miguu.

"Hodi, Mkuu." Hakuwahi kumwita vinginevyo.

"Karibu, mwanangu! Leo jua limechomoza wapi? Sukari yako naipata, wewe mwenyewe sikupati."

Nyumba ilikuwa imeshafungwa nusu. Maboksi yalipangwa ukutani, yameandikwa kwa herufi zake zilizonyooka: vyombo, shuka, vitabu. Mlangoni, mahali ulipokuwa mpango, kulikuwa na karatasi: Toka. Kulia. Hesabu milango minne. Duka. Rudi na mkono wa kushoto. Bwana Tahadhari aliusoma mstari wa mwisho mara mbili. Hotuba yote aliyoitunga njiani ilimpotea. Aliweka fomu mezani, akakaa.

Mama Saa alivaa miwani. Alidhani ameletewa kumbukumbu za kumfariji, akatabasamu. Akaanza kusoma muda kwa sauti, kama alivyozoea zamani, kidole kikishuka fomu hadi fomu.

"Kumi na mbili. Kumi. Kumi na nne, hapa ulikuwa na nini?"

"Jipu, Mkuu. Kisiginoni."

"Kumi na mbili. Kumi na moja." Akafunua. "Kumi na moja." Akafunua. "Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja."

Kidole kilisimama. Alirudi nyuma, akazipanga zile nne za mwisho kando kwa kando, akazitazama kwa muda mrefu. Tabasamu lilikuwa limeondoka bila haraka.

"Hii ya mwisho ni ya mwaka wa mafuriko."

"Ndiyo, Mkuu."

"Hukutembea."

"Sikutembea."

"Ukuta ulikuwa kichochoro cha kinu. Nilikata kona pale pale."

"Pale pale. Niliuona msingi wake kesho yake asubuhi."

"Kabla ya tume."

"Kabla ya tume, Mkuu."

Bwana Tahadhari alitarajia matusi. Hata kofi alikuwa tayari kulipokea. Mama Saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka sita," alisema, "naiogopa akili yangu mwenyewe. Nikiweka chai jikoni nakaa mbele yake naichunga, nisije nikaisahau. Mwanangu ananiambia kitu, namwitikia hata kama najua amekosea, maana nasema, mimi ni nani wa kubisha? Nilikuwa naona ukuta ule ule, kona ile ile, kila siku. Na kila siku najiambia, wewe bibi, hapo si hapo."

"Nisamehe, Mkuu."

"Usiniombe kitu sasa hivi. Sina cha kukupa."

Akainuka. Aliibandua karatasi ya mlangoni, akaikunja nne, akaitia kwenye boksi la takataka. Kisha akatoa saa kwenye msumari, akaijaza ufunguo, akaisikiliza sikioni, akamkabidhi.

"Kesho gari la mwanangu litarudi tupu, hilo nitamwambia mwenyewe. La kwako ni hili. Tunakwenda kwa mjane wa fundi, na utasema wewe, siyo mimi. Pima."

Bwana Tahadhari akabonyeza. Wakatoka, Mama Saa mbele na fimbo yake, yeye nyuma. Hakuhesabu milango. Kwenye kichochoro cha kinu aliingia bila kuuliza, akaifikia kona, akasimama pale ambapo msingi ulikuwa. Aligonga chini kwa fimbo mara moja, akageuka kuelekea bombani. Watu wawili watatu walitoa vichwa madirishani. Mmoja alinong'ona lile jina, na Bwana Tahadhari alilisikia likimwingia yeye.

Benchi la fundi bado lilikuwepo karibu na bomba, limewekewa madumu ya maji. Mjane alikuwa mlangoni, anachambua mchele. Alipomwona Mama Saa aligeuza uso, kama alivyougeuza kwa miaka sita.

"Dada," alisema Bwana Tahadhari. "Siku ile Mama Saa hakupotea. Aliingia njia sahihi. Ukuta ulikuwa kwenye kichochoro cha kinu, na mimi nilitia saini kwamba kiko wazi bila kupita. Miaka minne sikupita. Baadaye nilijua, nikakaa kwenye tume, nikamwacha aibebe. Mume wako alikufa kwa saini yangu."

Mjane alishusha sinia polepole. Hakulia. Alimtazama miguuni kwanza, kisha usoni.

"Alikuwa akisema," alisema, "'Yule bwana siku hizi viatu vyake haviliki.' Anakuja ndani ananiambia. Mimi nilidhani anakutania."

Kisha mjane alimgeukia mwanamke aliyesimama na fimbo, akajifuta mikono kwenye kanga, akaomba radhi kwa kichwa tu.

"Mama Saa," alisema mwisho. "Pita ndani."

Mama Saa akapita. Mlango ulirudishwa, haukubamizwa, na ndani kikasikika kiti kikivutwa. Bwana Tahadhari alibaki nje kando ya benchi. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemkaribisha. Saa ilikuwa bado inahesabu kiganjani mwake, na ilipita muda ndipo akakumbuka kuibonyeza.